Je, Wajua? Wadudu wa Wodini na Dawa Zisizowafanya Kitu

Je, wajua kwamba Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti ambaye kaburi lake liko Nyeri mjini, alifariki Januari 8, 1941, na kwamba wiki tano tu baadaye, Februari 12, polisi wa Oxford aitwaye Albert Alexander alidungwa penisilini na kuwa mgonjwa wa kwanza kutibiwa maambukizi makali kwa sindano za dawa hiyo? Siku chache zikatosha: homa ikashuka, hamu ya chakula ikarudi. Kisha dawa ikaisha. Ilikuwa adimu kiasi kwamba madaktari waliukusanya mkojo wake, wakaitoa humo penisilini iliyokwisha kupita mwilini, wakamdunga tena. Haikufua dafu. Machi 15 aliaga dunia.

Leo penisilini na jamaa zake ziko katika kila duka la dawa kuanzia Karatina hadi Nanyuki, na ukishuka matatu pale Chaka huhitaji kutembea mbali kuzipata. Uhaba umekwisha. Kilichobaki ni bakteria wasiozijali.

Je, wajua kwamba Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alionya kuhusu jambo hilohilo alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945? Alisema anayetumia dozi hafifu huwazoesha bakteria dawa, kisha mwingine ndiye anayekuja kulipa. Mwaka 1961, kule Uingereza, bakteria wa majipu walishaonekana wakiishinda methisilini, dawa iliyokuwa na miaka miwili tu sokoni.

Je, wajua ni lini ugonjwa huhesabiwa kuwa umepatikana hospitalini? Kipimo kinachotumika sana ni saa 48. Mtoto akilazwa na nimonia, ameingia nayo. Akilazwa kwa mguu uliovunjika, kisha siku ya nne akapandwa na homa na damu yake ikakutwa na bakteria, basi hao amewapatia wodini. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba kati ya wagonjwa 100 wanaolazwa katika nchi tajiri, 7 hupata angalau ambukizo moja humohumo hospitalini. Katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni 15.

Je, wajua kwamba mtoto mahututi huhatarishwa na vitu vilevile vinavyomwokoa? Mrija wa kupumulia ukishapita kooni, mtoto hawezi tena kukohoa ipasavyo, na kikohozi ndicho ufagio wa mapafu. Mrija wa mkojo ni njia ya kuingilia. Kanula ya mkononi ni njia nyingine, na kila sista anapochomeka sindano kwenye kile kifuniko chake kidogo bila kukipangusa kwa spiriti, chochote kilichokuwa juu yake huingia moja kwa moja kwenye damu. Bakteria nao wakishatua juu ya plastiki hutandaza ute na kujificha chini yake, dawa ikawafikia kwa taabu. Ndiyo sababu daktari mzuri, akipita kitandani asubuhi, huuliza swali moja kuhusu kila mrija: huu bado tunauhitaji? Kama hauhitajiki, utoke leo.

Wajua pia kwamba korona ilipoingia Kenya mwaka 2020, watafiti walihesabu vitanda 537 vya wagonjwa mahututi nchi nzima, na mashine za kupumulia 256? Kaunti zilizokuwa na angalau chumba kimoja cha aina hiyo zilikuwa 22 kati ya 47. Vilivyotengewa watoto ni sehemu ndogo ya hivyo. Kwa hiyo mtoto mahututi wa kwetu mara nyingi hulala katika wodi ya kawaida, pengine kitanda kimoja na mwenzake, au huhamishwa: kutoka zahanati ya hapa Kieni kupitia Kiganjo hadi Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyeri, na hali ikizidi, Nairobi. Kila kituo katika safari hiyo ni kanula mpya, shuka jipya na mikono mipya.

Je, wajua ni wapi katika Kenya tunakojua vizuri zaidi habari za damu ya mtoto aliyelazwa? Si Nairobi. Ni Kilifi. Tangu 1998, katika hospitali ya Kilifi ambako Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, inashirikiana na Wellcome Trust, kila mtoto anayelazwa hutolewa damu kidogo ikaoteshwa maabara. Kila mtoto, awe na homa au asiwe nayo. Utaratibu huo mmoja, uliorudiwa mwaka baada ya mwaka, umetufunza mengi kuliko mikutano yote ya hotelini. Mwaka 2005 walichapisha kwamba robo ya watoto waliofia hospitalini hapo walikuwa na bakteria katika damu tangu siku ya kulazwa, wakati ambapo wengi wetu tuliamini kwamba muuaji wa Pwani ni malaria peke yake.

Mwaka 2011 wakaja na swali la pili: je, wale wanaoambukizwa wakiwa tayari kitandani? Walipitia watoto waliolazwa kati ya 2002 na 2009. Waliopata bakteria wa damu wakiwa hospitalini walikuwa karibu 6 kwa kila 1,000. Ukiishia hapo unaweza kushusha pumzi, kwani 6 kwa 1,000 si wengi. Lakini tazama kilichowapata. Kati ya hao waliofariki ni asilimia 53. Kwa watoto waliokuja na bakteria wa damu kutoka nyumbani, waliofariki ni asilimia 24. Kwa wasio na bakteria wowote wa damu, asilimia 6. Aliyeambukizwa wodini alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufa kuliko wa kupona. Na waliokuwa hatarini zaidi walikuwa wale wenye utapiamlo mkali, yaani mtoto aliyeingia hospitalini ili alishwe.

Je, wajua wanaohusika ni nani? Wapo wengi, ila jina linalorudi kila ripoti ni Klebsiella pneumoniae. Huyu huishi tumboni mwa watu wenye afya bila kuwasumbua, hukaa kwenye sinki, hupanda mikononi. Katika mradi wa CHAMPS, ambao huchunguza kwa sindano nyembamba miili ya watoto waliofariki ili kujua chanzo hasa, na ambao una vituo Siaya na Kisumu, Klebsiella ametokea kuwa kinara miongoni mwa vimelea vilivyochangia vifo hivyo. Watafiti wa Kilifi nao walipozisoma chembe za urithi za Klebsiella waliokusanywa kwa takribani muongo mmoja, hawakukuta ukoo mmoja uliovamia hospitali. Walikuta koo nyingi. Maana yake ni kwamba hakuna mhalifu mmoja wa kumtafuta na kumfungia nje. Wanaingia na watu, kila siku.

Mwenzake ni Acinetobacter, anayeweza kukaa juu ya sehemu kavu, reli ya kitanda au kitufe cha mashine, kwa wiki kadhaa akiwa hai. Wa tatu si bakteria, ni kuvu: Candida auris, aliyetambuliwa mara ya kwanza Japani mwaka 2009 katika sikio la mgonjwa, na ambaye ameshaonekana katika damu ya wagonjwa jijini Nairobi. Huyo hata dawa za kuvu nyingi hazimwezi.

Je, wajua kwamba Muhimbili, Dar es Salaam, walipima jambo hili miaka ishirini na zaidi iliyopita? Walilinganisha watoto wenye bakteria wa damu wa makundi mawili: wale ambao bakteria wao walikuwa na kimeng'enya cha kuvunjavunja dawa aina ya sefalosporini, na wale ambao hawakuwa nacho. Kundi la kwanza walifariki asilimia 71. La pili, asilimia 39. Na katika utafiti mwingine wa hospitali hiyohiyo, uliochapishwa 2007, maambukizi ya damu ya bakteria wa kundi la Gram-hasi, alimo Klebsiella, yaliua asilimia 43.5 ya watoto waliokuwa nayo, zaidi ya mara mbili ya malaria iliyoua asilimia 20.2. Chandarua kila mtu anakijua. Hili la pili halina hata tangazo la redio.

Na hapa niruhusu nikae kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha mambo.

Je, wajua jinsi daktari anavyojua ni dawa gani itamfaa mtoto? Kwa kupima? Mara nyingi hapana. Anakisia kitaalamu, akifuata mwongozo: kwa mtoto mchanga nchini Kenya huanzia penisilini na gentamisini. Njia ya kujua kwa hakika ni kuotesha damu, na kazi yenyewe huenda hivi. Ngozi ya mtoto hupanguswa na kuachwa ikauke. Wenye haraka huruka hapo, na bakteria wa ngozi wakaingia kwenye chupa na kumpotosha kila mtu. Huchotwa mililita moja, mbili au tatu za damu. Hutiwa katika chupa yenye mchuzi wa virutubisho, ikawekwa ndani ya mashine yenye joto kama la mwili. Bakteria wakiwamo, wanakula, wanazaana, wanatoa hewa ya kaboni dayoksaidi, na mashine huinusa na kulia. Mara nyingi hulia ndani ya siku moja au mbili. Isipolia hadi siku ya tano, chupa hutupwa.

Ikilia, mtu wa maabara hutia tone kwenye kioo, akalipaka rangi ile iliyobuniwa na Mdenmark Hans Christian Gram mwaka 1884, akachungulia kwa hadubini: zambarau au waridi, duara au fimbo. Kisha hupaka sehemu nyingine juu ya sahani ya chakula cha bakteria, ambacho mara nyingi hukorogwa na damu ya kondoo, mnyama ambaye Kieni hatumkosi. Bakteria wakishaota, huhamishiwa sahani nyingine na juu yake hupangwa vijikaratasi vya mviringo, kila kimoja kikiwa kimelowekwa dawa tofauti. Usiku unapita. Asubuhi, palipo na dawa inayofanya kazi pana duara safi lisilo na kitu. Palipo na dawa iliyoshindwa, bakteria wameota hadi kwenye ukingo wa karatasi. Mtu huchukua rula na kupima duara hilo kwa milimita. Ndiyo hiyo sayansi yote: rula na macho mawili, na mtu aliyefika kazini siku ya Jumapili.

Jumla ni siku mbili hadi nne. Mtoto mchanga mwenye sumu ya bakteria damuni hana siku nne, kwa hiyo dawa ya kukisia lazima ianze mara moja. Lakini jibu likija siku ya tatu, daktari anaweza kubadilisha dawa, au kuisimamisha kabisa. Bila jibu, akiona mtoto hapati nafuu, kinachobaki ni kupanda ngazi: dawa kali, kisha kali zaidi.

Wajua basi ni maabara ngapi zinazoweza kazi hiyo? Uchunguzi uliofanywa katika nchi 14 za Afrika, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwemo, na kutangazwa 2022, ulikuta kwamba kati ya maabara 50,000 za afya, zilizokuwa zikipima bakteria ni asilimia 1.3. Soma tena. Si asilimia kumi na tatu. Nikiulizwa kaunti za Mlima Kenya zinunue nini kwanza, nitasema mashine ya kuotesha damu, chupa zake za mwaka mzima na mshahara wa mtu wa zamu ya usiku, kabla ya kufikiria jengo jingine la kuzinduliwa kwa utepe. Najua mashine ya maabara haipigwi picha vizuri.

Je, wajua kwamba dozi uliyompa mtoto nyumbani inaweza kuliharibu jibu hilo? Vidonge viwili vya amoksilini vilivyobaki kabatini, au dawa ya maji ya kaka yake, havimponyi, ila vinatosha kuwazimisha bakteria wasiote kwenye chupa. Mashine inanyamaza, daktari anaambiwa hakuna kitu, mtoto anaendelea kuumwa. Kwa hiyo ukifika hospitalini taja kila alichomeza, hata kama unaona haya. Hakuna atakayekufunga.

Na hapa kwetu kuna jambo la ziada. Chaka iko juu, baridi yake inajulikana, na malaria si ugonjwa wa huku. Homa nyingi za watoto wetu, hasa ile miezi ya ukungu kuanzia Juni hadi Agosti, ni za virusi: mafua, kikohozi, masikio. Virusi havifi kwa amoksilini wala kwa Septrin. Sheria ya Kenya inataka dawa hizi zitolewe kwa karatasi ya daktari. Nyote mnajua jinsi mambo yalivyo. Mama anaingia kwa kemisti, anasema "nipe ya kifua ya mtoto," anaulizwa umri, anatoka na chupa. Simlaumu: foleni ya zahanati ni ya asubuhi nzima na vitunguu vinamsubiri shambani.

Je, wajua kwamba agroveti naye yumo katika hadithi hii? Ng'ombe akishikwa na ugonjwa wa matiti hutiwa mrija wa dawa kwenye chuchu, na dawa hiyo mara nyingi ni ya ukoo uleule wa penisilini. Kila mrija una maandishi yanayosema maziwa yamwagwe kwa siku ngapi. Kumwaga maziwa ya siku tatu ni hasara inayouma, wacha tuseme ukweli. Lakini asiyeyamwaga huwanywesha wateja wake dozi ndogo za kila siku, ile hafifu aliyoisema Fleming. Kolistini, ambayo wamepewa mifugo ya nchi nyingi kwa miaka mingi, leo ni mojawapo ya dawa za mwisho za mtoto mahututi. Madaktari waliiacha miaka ya 1970 kwa kuwa iliumiza figo, kisha wakairudia kwa kukosa la kufanya, na mwaka 2015 watafiti wa China wakatangaza kwamba jeni la kuishinda linaweza kuruka kutoka bakteria mmoja hadi mwingine.

Haraka haraka sasa:

Je, wajua kwamba mwaka 2019 usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani, na kwamba mmoja kati ya kila watano wao alikuwa mtoto wa chini ya miaka mitano?

Je, wajua kwamba kimeng'enya kiitwacho NDM-1, kinachoivunja hata meropenemu, mojawapo ya dawa kali za akiba, kiliripotiwa katika Klebsiella wa Nairobi mwaka 2011, kwenye sampuli zilizochukuliwa kuanzia 2007?

Je, wajua kwamba seftriaksoni, ile sindano ambayo wazazi wengi huiona ndiyo "dawa yenyewe", Shirika la Afya Duniani limeiweka katika kundi la dawa za kuangaliwa kwa jicho kali, si za kuanzia kila homa? Septemba 2024 nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilikubaliana kwamba kufikia 2030, angalau asilimia 70 ya dawa za kuua bakteria zinazotumiwa na binadamu zitoke katika kundi la kwanza, zile za kawaida.

Je, wajua kwamba chanjo nayo inapunguza usugu? Chanjo ya nimonia ilipoanza kutolewa Kenya mwaka 2011, magonjwa makali ya aina za bakteria zilizomo kwenye chanjo yalipungua Kilifi kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto asiyeugua haombewi dawa.

Je, wajua kwamba mwaka 1847 daktari Ignaz Semmelweis wa Vienna aliwaamuru wanafunzi wake waoshe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwazalisha akina mama, vifo vikaporomoka, na wakubwa wa tiba wengi wakampuuza? Zaidi ya miaka 170 imepita, na bado ni vita. Kusugua mikono kwa kitakasa huchukua sekunde 20 hadi 30; kwa sabuni na maji, 40 hadi 60. Sista mmoja mwenye watoto ishirini usiku, akinawa kila anapogusa mmoja, atatumia sehemu kubwa ya zamu akiwa kwenye bomba, kama bomba lina maji. Ndiyo maana kitakasa kikiwa kimefungwa kwenye kila kitanda kinafaa kuliko bango la ukutani. Resipe ya Shirika la Afya Duniani haina siri na hospitali inaweza kuichanganya yenyewe: ethanoli asilimia 80, gliserini asilimia 1.45 ili ngozi isipasuke, haidrojeni peroksaidi asilimia 0.125 kwa ajili ya kuua mbegu za bakteria ndani ya chupa, na maji yaliyochemshwa yakapoa.

Bomba lenyewe si mtakatifu. Mwishoni mwa 2011 na Januari 2012, huko Ireland ya Kaskazini, watoto wachanga wanne walifariki katika wodi za uangalizi maalumu za hospitali mbili kwa bakteria Pseudomonas, na uchunguzi ukaishia kwenye mabomba ya maji. Hiyo ni nchi tajiri, yenye mabomba yanayong'aa.

Je, wajua kwamba moja ya mafanikio makubwa katika vyumba vya wagonjwa mahututi lilikuwa karatasi yenye mambo matano? Peter Pronovost na wenzake waliipeleka katika vyumba 103 jimboni Michigan, Marekani, kuanzia 2003: nawa mikono, funika mgonjwa na jifunike vizuri unapoingiza mrija wa mshipa mkubwa, pangusa ngozi kwa kloreksidini, epuka kuingizia kwenye kinena, toa mrija usiohitajika. Maambukizi ya mirija hiyo yalipungua kwa hadi asilimia 66 ndani ya miezi 18. Wauguzi waliruhusiwa kumsimamisha daktari aliyeruka hatua. Nadhani hilo la mwisho ndilo lililofanya kazi, na ndilo gumu zaidi kulihamishia kwetu, ambako sista akimsahihisha daktari mbele ya watu huitwa mjeuri.

Je, wajua kwamba kifua cha mama ni kinga? Utafiti mkubwa uliochapishwa 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliwaweka watoto wachanga wenye uzito mdogo kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa badala ya kungoja watulie. Vifo vya siku 28 za kwanza vilipungua kwa robo, kutoka asilimia 15.7 hadi 12, na maambukizi ya damu yakapungua pia. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu haikuwa haki kuendelea kulinyima kundi lililongojeshwa. Mtoto aliye kifuani hupokea bakteria wa mama yake, wapole na wanaosikia dawa, kabla ya wale wa wodini kumwahi. Utaratibu huu ulianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa sababu ya upungufu wa vitanda vya joto. Kwa hiyo cucu anayesema mtoto mwenye uzito mdogo asiguswe na mama hadi apate nguvu, aelezwe kwa heshima.

Je, wajua kuhusu Toto Bora? Ni jaribio lililofanyika Kisii na Homa Bay kati ya 2016 na 2019. Watoto 1,400 walioruhusiwa kutoka hospitalini waligawanywa: nusu walipewa azithromaisini ya siku tano, nusu dawa bandia. Wazo lilikuwa kwamba mtoto aliyetoka hospitalini bado ni dhaifu, akingwe. Matokeo hayakuonyesha tofauti, si katika vifo wala katika kulazwa tena. Ila dawa hiyohiyo, ilipogawiwa mara mbili kwa mwaka kwa watoto wadogo wote katika vijiji vya Niger, Malawi na Kilosa nchini Tanzania, ilipunguza vifo kwa asilimia 13.5, huku usugu nao ukiongezeka. Atakayekupa jibu jepesi hapo, mwepuke.

Je, wajua kwamba kati ya 2018 na 2020 watafiti waliwafuatilia watoto wachanga zaidi ya 3,200 waliodhaniwa kuwa na maambukizi ya damu, katika hospitali 19 za nchi 11, Kenya na Uganda zikiwemo, wakakuta michanganyiko zaidi ya 200 ya dawa ikitumika? Mia mbili. Kila hospitali na kisio chake. Kutokana na hilo lilianzishwa jaribio jingine, NeoSep1, ambalo Kenya imo, la kupima dawa za zamani kama fosfomaisini na amikasini zikiunganishwa upya. Dawa mpya kwa watoto wachanga huchelewa sana: kampuni hupima kwanza kwa watu wazima, na mtoto wa kilo moja na nusu si soko lenye faida.

La mwisho. Je, wajua kwamba mtoto akiruhusiwa kutoka hospitalini anaweza kuondoka na bakteria sugu tumboni, akiwa mzima kabisa, na akakaa nao kwa miezi? Dar es Salaam walipima kinyesi cha watoto wa chini ya miaka miwili: waliolazwa, nusu walikuwa nao, wa mitaani ambao hawakulazwa, asilimia 12 hivi. Haimaanishi mtoto atengwe wala asibebwe. Nawa mikono ukishambadilisha nepi, na fomu ile ya kuruhusiwa, yenye majina ya dawa zote alizopewa na idadi ya siku, usiiache kwenye dirisha la malipo. Itunze pamoja na kile kijitabu cha kliniki, na mwezi ujao au mwaka ujao akipata homa tena, mtolee daktari vyote viwili kabla hajaandika dawa.